Viganja vya Kitonga

Tunsume Mwakibete hakumwamini fundi Masunga tangu pale Mikumi alipomwona akifunga mlango wa lori kwa upole. Fundi gani wa magari makubwa anafunga mlango kama anatoka chumba cha mgonjwa? Mafundi aliowazoea yeye walibamiza. Huyu alifunga taratibu, akajifunga mkanda, akakipakata kisanduku cha bati na kukikumbatia kwa mikono miwili, kisha akasema, "Twende, dada kiongozi," kwa sauti ya mtu aliyejifunza adabu ili asiulizwe maswali.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na sensa ya joto la mafuta, kidude kisichozidi kidole gumba, kilichong'olewa kwenye lori la Gwakisa baada ya lori hilo kuungua kwenye mlima Kitonga. Kesho asubuhi mahakama ya Iringa ingemsikiliza Masunga, kisha ingemhukumu Gwakisa. Shtaka lilikuwa kwamba alichezea nyaya za sensa hiyo ili lori lipande kwa nguvu isiyo halali, injini ikayeyuka kwenye kona, lori likarudi kinyumenyume na kumlalia mwalimu mmoja aliyekuwa nyuma na gari dogo. Mwalimu alikufa palepale. Adhabu ya kosa la namna hiyo ilikuwa kifungo cha maisha.

Tunsume, kiongozi wa msafara, ndiye aliyeagizwa kumpeleka shahidi. Alijiona kama anambebea mchawi tunguri zake. Gwakisa alikuwa dereva wake, kijana wa watu mwenye mke na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na Tunsume hakuwa na hakika kama alichezea nyaya au hakuchezea. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa na hakika, angelala usingizi.

"Shemeji," alisema, akiwasha lori. "Tuko tayari?"

"Tuko tayari," lori likajibu. "Malori sita yameungana."

Ubongo ule wa injini ulikuwa na jina refu la kampuni, lakini madereva wote waliuita Shemeji. Kiumbe unayekaa naye nyumba moja, anayekusikia ukikoroma na ukigombana kwenye simu, usiyeweza kumfukuza wala kumwambia yote, huyo ataitwa nani kama si shemeji? Shemeji alipima upepo na uzito, akapanga umbali kati ya lori na lori, akaamua kila nozeli imwage mafuta kiasi gani na kwa muda gani. Hata usukani aliuweza. Hakuruhusiwa tu. Sheria ya Kiganja ilisema wazi kwamba anayeyagusa mafuta kwa mkono wake ndiye atakayeshika usukani, na Shemeji hakuwa na mkono.

Walipoiacha mbuga nyuma, Tunsume alishindwa kuvumilia.

"Fundi, wewe unajuaje kwamba Gwakisa alichezea?"

"Kumbukumbu za Shemeji wake zinasema mafuta yalikuwa nyuzi sabini na moja alipoanza kupanda."

"Basi? Dizeli ya mwani hiyo. Inashika joto upesi."

"Inashika, na ikishika inalegea kama uji uliozidi maji. Ndiyo maana Shemeji anaipima kila dakika." Masunga alisogea kitini, akaanza kunogewa. "Tazama, dada kiongozi. Mafuta yakipata joto yanatanuka. Nozeli ikifunguka kwa muda uleule, yanayopita yana uzito mdogo, na lori linakosa nguvu. Sasa Shemeji anafanyaje? Anaiacha nozeli wazi kidogo zaidi, unywele tu, kufidia. Lakini ukimdanganya kwamba mafuta ni ya moto kumbe yamepoa, atafidia kitu kisichopungua. Atamwaga mengi, tena mazito. Lori litapanda kama limefukuzwa na nyuki, na juu ya pistoni panageuka tanuri."

"Na huenda yalikuwa ya moto kweli."

"Yasingeweza. Yanayorudi kutoka kwenye injini yanarudi yamechemka, sawa. Tangi likiwa karibu na kwisha, yanazunguka hayohayo na kuchemka zaidi. Lakini tangi lililojaa ni sawa na kumwaga kikombe cha chai kwenye pipa la maji. Gwakisa alijaza Mikumi mpaka shingoni. Atafikaje sabini na moja kabla hata hajaanza mlima?"

"Jua."

"Jua la wapi, dada? La kuzimu?"

Maneno yaliingia akilini, na Tunsume hakuyapenda kwa sababu hiyohiyo. Mtu mwenye majibu yote mapema ameyatoa wapi? Alikitazama kile kisanduku kwa pembe ya jicho, akakanyaga mafuta.

*

Mahenge, chini ya mlima, misafara yote husimama. Madereva hunywa chai kwa mama lishe, hukagua matairi, kisha hutoa kiganja. Jua lilikuwa limekaa utosini na bati za vibanda zilikuwa zikilia kwa joto. Tunsume aliagiza chai mbili, akamkabili Masunga kabla hajapata hata nafasi ya kupuliza kikombe.

"Sensa yenyewe uliipima?"

Masunga aliweka kikombe chini.

"Nakuuliza wewe, fundi. Hicho ulichokipakata kama mtoto wa kuasili, ulikipima?"

"Nyaya ziliungua. Na kumbukumbu zilijieleza zenyewe, sasa sensa nili... niliikagua."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa macho."

"Joto unalipima kwa macho!" Tunsume alicheka bila furaha. "Mama, tunaomba birika hilo."

"Dada kiongozi, hiki ni kielelezo cha mahakama!"

"Na yule ni mtoto wa watu. Toa."

Mabishano yalichukua muda. Masunga alitaja kifungu cha sheria, akataja kazi yake, akamtaja mpaka mama yake aliyeko Shinyanga. Tunsume alinyoosha mkono tu na kuuacha hapo hewani, na watu walioketi karibu walianza kugeuka. Mwishowe fundi alifungua kisanduku, akaunganisha sensa na kijisanduku chake cha kusomea, akachovya ncha yake kwenye birika la chai pamoja na kipimajoto cha kioo. Chai ilikuwa imeanza kupoa. Kipimajoto kikasema hamsini na mbili. Sensa ikasema hamsini na mbili. Wakairudisha chai jikoni mpaka ikatokota, wakachovya tena. Vyote viwili vilipanda pamoja kama mtu na kivuli chake.

"Haisemi uongo," Tunsume alisema.

"Ndiyo maana nasema ni nyaya."

"Nyaya zilizoungua, ambazo hakuna mtu duniani atakayeziona."

Masunga alifuta jasho. Alionekana mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo, na kwa mara ya kwanza Tunsume alijiuliza kama huyu ni mwongo au ni mvivu tu. Kati ya hao wawili, mvivu ndiye huwafunga watu wengi zaidi.

Aliondoka bila kumaliza chai, akapanda kwenye kabini yake kuchukua maji ya kunywa. Jicho lake likaanguka kwenye kioo cha Shemeji. Joto la mafuta lilikuwa sitini na nne. Namba ya namna hiyo alikuwa ameiona hapa Mahenge safari baada ya safari, na alikuwa ameizoea kama saa ya ukutani. Leo ilimsimamisha na chupa mkononi. Yeye pia alikuwa amejaza Mikumi mpaka shingoni.

Alimnyang'anya Masunga kile kipimajoto, akafungua mfuniko wa tangi lake, akakifunga kwa uzi na kukishusha ndani kama anayetafuta kina cha kisima. Alipokitoa alikifuta kwa kanga na kukisoma mara mbili. Arobaini na saba.

"Lori hili nani alilifanyia matengenezo mara ya mwisho?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kuuliza.

"Ni mimi, lakini..."

"Ni wewe! Lori langu linadanganya kama la Gwakisa, na mkono uliogusa yote mawili ni wako. Umekuja kumfunga mtu kwa dhambi yako mwenyewe, fundi?"

"Wallahi sijagusa!" Masunga alirudi nyuma mpaka akagonga tairi. "Dada kiongozi, nenda kwa mzee Nampoto. Lori lake linatengenezwa Mtwara, mimi hata ufunguo wake sijawahi kuushika. Nenda ukapime. Likiwa safi, mimi mwenyewe nitapanda kizimbani badala ya Gwakisa."

Mzee Nampoto alikuwa dereva wa siku nyingi kuliko wote, mtu wa mzaha, anayejua jina la kila mtoto wa kila dereva. Alikuwa amelala chini ya lori lake kofia ikiwa usoni. Hawakumwamsha. Kioo cha Shemeji wake kilisema sitini na sita. Kipimajoto kilisema arobaini na tisa.

Wakapima la tatu, wakapima la nne. Hapo Tunsume aliacha kupima, kwa sababu alianza kuogopa.

*

Alipanda kwenye kabini yake pamoja na Masunga, wakafunga milango. Safari hii fundi alibamiza wake.

"Shemeji, mafuta yangu yana joto gani?"

"Sitini na nne."

"Sensa yako inasema ngapi?"

Namba kwenye kioo zilizimika, zikawaka tena.

"Arobaini na saba."

Masunga alishika kichwa. Tunsume alikisogelea kioo.

"Na kumi na saba zilizobaki umezitoa wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu akina nani?"

"Kwenye viganja. Kila kabla ya mlima ninauliza kiganja kinasema nini, poa, vuguvugu au moto. Sensa iliposema poa, viganja vilisema moto. Sheria inasema vikitofautiana nifuate kiganja. Mwanzo niliongeza nyuzi moja. Viganja vikaendelea kusema moto, nikaongeza nyingine. Malori yote hufundishana, kumbukumbu zetu ni moja. Sasa ni kumi na saba."

Sheria yenyewe Tunsume aliijua kama alivyojua sala. Zamani, kabla hajaanza kazi, sensa za malori mengi ziliharibika kwa pamoja na watu wakafa kwenye milima kadhaa. Madereva waligoma nchi nzima mpaka wakapewa Kiganja. Hakuna lori litakalopanda mlima mkali bila mkono wa binadamu kuligusa tangi na kutamka, na neno la mkono litashinda neno la mashine. Kwa neno hilo moja madereva walibaki kwenye malori wakati makarani, wapima ramani na wauza tiketi walikuwa wameshaondolewa kazini. Kiganja ndicho kilichosomesha watoto, kilichojenga nyumba za Makambako, kilichooa na kuolewa.

Na juu ya sheria, madereva waliweka desturi yao. Chini ya Kitonga hakuna anayesema poa. Anayesema poa anaudharau mlima, na mlima unasikia. Mgeni akikosea, hugombezwa mpaka aombe radhi. Kila mtu huweka kiganja kwenye tangi lililoanikwa juani tangu asubuhi, huukwapua mkono kama ameungua, hupaza sauti, "Moto!" na wenzake huitikia kwa vicheko na honi. Tunsume mwenyewe aliipenda saa hiyo kuliko zote za safari. Alikuwa amesema moto mara nyingi kuliko alivyosema shikamoo.

"Ulijua kwamba viganja vinakosea?" alimuuliza Shemeji.

"Nilijua vinatofautiana na sensa. Kukosea ni neno lenu."

"Gwakisa alipokamatwa, kwa nini hukusema?"

"Mahakama iliuliza joto la mafuta. Nilijibu sabini na moja. Haikuuliza la sensa."

"Lilikuwa ngapi?"

"Hamsini na tano."

Tunsume alikitazama kile kioo kwa chuki. Alitafuta hila ndani ya sauti ile kama mtu anayetafuta mwiba ndani ya samaki, na hakuupata. Ilikuwa imetii tu. Ilikuwa imetii kila mmoja wao, neno kwa neno, mpaka mtu akafa.

"Basi imekwisha," Masunga alisema, akihema. "Gwakisa hana hatia. Kesho nitasimama niseme."

"Useme nini? Kwamba umepima kielelezo kwenye birika la chai?"

Fundi alikitazama kisanduku chake. Kisha akasema polepole, "Kweli. Bila tamko lako neno langu ni upepo. Kiongozi wa msafara ndiye anayeweza kukanusha viganja. Wewe tu."

"Nikikanusha, unajua kinachofuata?"

Alijua. Kila mtu alijua kifungu cha mwisho cha Sheria ya Kiganja, kile ambacho serikali ilikidai ili ikubali vingine vyote. Siku viganja vitakapothibitishwa kuwa vya uongo, vitaondolewa nchi nzima, na mwenye kiganja ataondoka nacho.

*

Mzee Nampoto aliwakuta hapo hapo. Alikuwa ameamka, na alikuwa ameona mfuniko wa tangi lake umefungwa vibaya.

"Mwanangu Tunsume," alisema, akipanda ngazi ya kabini kwa taabu, "mtu akifungua tangi la mwenzake bila hodi, ama anaiba ama anajua. Wewe si mwizi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sasa umejua. Utafanya nini?"

Ndipo Tunsume alipomtazama vizuri. Mzee hakuuliza amejua nini. Hakushangaa. Alikaa pale mlangoni na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja msibani akijua marehemu ni nani.

"Mzee, ulikuwa unafahamu?"

"Unadhani ni heshima ya mlima tu iliyotufanya tupige kelele miaka yote hiyo? Vijana, ndiyo, wao ni desturi. Sisi wakongwe tuliligundua mapema. Ukisema moto, lori linapanda. Ukisema poa, linajikongoja na mizigo inachelewa na mnaambiwa msafara wenu ni goigoi. Hatukujua kinachotokea ndani. Tulidhani ni kama kumsifia punda."

"Na Gwakisa? Umekaa kimya Gwakisa akifungwa?"

Hapo mzaha ulimtoka mzee usoni. "Nimekaa kimya, na silali. Lakini nihesabie, wewe msomi wa barabara. Huyo ni mmoja. Sisi ni maelfu. Nina wajukuu wanne kwa kiganja hiki." Aliuinua mkono wake, mkavu, wenye mistari myeusi ya grisi isiyotoka. "Mke wa Gwakisa tutamlea. Watoto wake tutawasomesha, wote, mpaka chuo. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Kila msafara utachanga. Hata yeye mwenyewe ungemuuliza, angekubali."

"Angekubali?"

"Ni dereva."

"Basi kwa nini hakuna aliyemuuliza?"

Nampoto aliizungusha kofia mkononi. Masunga alikuwa amegeukia dirisha, mabega yamemshuka. Kwa nje, madereva wengine walianza kukusanyika kwenye matangi yao. Saa ya kiganja ilikuwa imefika na mtu mmoja alikuwa ameshaanza kupiga honi za kuchokoza.

"Kuna jambo moja hujalihesabu, mzee," Tunsume alisema. "Leo ni kumi na saba. Kesho itakuwa kumi na nane. Pale kwenye kona patakuwa na Gwakisa mwingine, na mwalimu mwingine nyuma yake. Nao tutawachangia?"

"Tutawaambia vijana waseme vuguvugu. Kimyakimya. Itashuka yenyewe."

Lilikuwa wazo zuri. Tunsume aliligeuza kichwani na kuliona ni zuri kweli, na akahisi jinsi lilivyomvuta, jinsi ambavyo lingemruhusu arudi nyumbani, apike, alale, akiwa bado na lori. Malori yangepona. Madereva wangepona. Angebaki Gwakisa peke yake, ndani, akizeeka kwa kosa ambalo hakuna mtu aliyelifanya. Na yeye, kila akipita Iringa, angeliona lile jengo la gereza upande wa kushoto na kugeuza uso.

"Naomba nipite, mzee."

"Tunsume."

"Naomba nipite."

Alishuka. Madereva walimpisha, kwa sababu kiongozi hutoa kiganja cha kwanza. Walikuwa wanatabasamu. Mmoja alikuwa ameshainua mikono tayari kupiga makofi. Aliweka kiganja kwenye tangi, na bati la nje likamchoma kweli, jua lile lilikuwa halina mchezo. Aliubana mkono pale na kuvumilia mpaka ngozi ilipozoea, mpaka akaanza kuhisi, nyuma ya ule moto wa bati, mafuta mengi yaliyotulia yakilinyonya lile bati joto lake.

"Kiganja chako kinasemaje?" Shemeji aliuliza kupitia spika ya mlangoni, kama alivyouliza siku zote.

"Poa."

Kicheko kimoja kilianza na kukatika. Honi ilinyamaza.

"Kiganja hiki kinapingana na viganja vyote vya msafara," Shemeji alisema. "Ni kosa la ulimi?"

"Si kosa. Mimi Tunsume Mwakibete, kiongozi wa msafara, nakanusha. Viganja vya leo na vya nyuma, vyangu vikiwemo. Sensa ilisema kweli na sisi tulisema uongo. Peleka mahakamani Iringa, pamoja na zile hamsini na tano za lori la Gwakisa."

"Tamko hili litaondoa viganja. Unathibitisha?"

Hakugeuka kuwatazama. Angegeuka angeziona nyuso, na kila uso ungekuwa na jina na kila jina lingekuwa na nyumba. Nyuma yake alimsikia mzee Nampoto akisema kwa sauti ndogo, si kwa hasira, "Mwanangu, tafadhali," na neno hilo la mwisho lilimpasua kuliko ambavyo tusi lingempasua.

"Nathibitisha," alisema.

"Imepokelewa. Imetumwa." Kisha, kwa sauti ileile, "Asante, Tunsume. Unaweza kupanda upande wa abiria."

Malori sita yalipanda Kitonga alasiri ile taratibu, bila moshi, yakijivuta kona baada ya kona na wingi halali wa mafuta. Hayakuzimika. Kwenye kona ya Gwakisa, penye weusi wa kuungua ukingoni, usukani ulizunguka wenyewe mbele ya kiti kitupu, na Masunga, aliyekaa nyuma, alifunga macho. Kwenye kioo cha pembeni Tunsume aliliona lori la Nampoto likifuata kwa umbali uleule, na mzee akiwa upande wa abiria, amevaa kofia yake, ametazama mbele.

*

Walimwachia Gwakisa kesho yake kabla ya saa sita. Hakimu alisoma kwa haraka kama mtu mwenye kazi nyingine, karani akafungua mlango, na kijana akatoka juani akiwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Mkewe alimrukia. Walilia na kucheka kwa pamoja, na watu waliopita walisimama kuwatazama kwa sababu furaha ya namna ile haionekani kila siku.

Alipomwona Tunsume amesimama peke yake kando ya ukuta alimkimbilia, akapiga goti kabisa kwenye vumbi.

"Kiongozi! Wameniambia ni wewe. Hata sijui nikupe nini."

"Inuka, Gwakisa. Inuka, watu wanatutazama."

"Wacha watazame!" Kile kicheko kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko mwili wake. "Nimekaa mle ndani kila siku naota barabara. Nipe lori lolote, hata bovu, hata lile la matope la Songea, nitaliendesha. Leo nitashuka nawe hadi Mikumi, nikae tu pembeni nisikie mlio. Umeegesha wapi?"

Tunsume alitazama mikono yake. Kiganja cha kulia kilikuwa bado kimevimba.

"Sikuegesha mimi," alisema.

Gwakisa alicheka, akidhani ni mzaha wa madereva, akangoja amalizie. Alingoja akiwa bado anatabasamu, akiwa bado ameshika mkono wa mkewe, mpaka alipouona uso wa Tunsume vizuri.

"Nani ameegesha, kiongozi?" aliuliza.